Majibu ya Mama

Kazi ya kwanza aliyoipata Nukta siku aliyorudi kibandani ilikuwa barua ya kumshtaki jogoo. Mwalimu mstaafu aliyeileta alikuwa hajalala wiki nzima, na macho yake yalisema hivyo hata kabla hajafungua mdomo.

"Andika: jogoo huyo hana adabu," alisema.

"Mwalimu, hii inakwenda ofisini. Tuseme jogoo huyo anawika nje ya saa zake."

"Anawika saa nane usiku, mama! Hizo ni saa za nani?"

"Basi ndiyo hayo hayo. Adabu tumwachie mwenye jogoo."

Mwalimu alicheka, na Nukta naye akacheka, akashika ubavu. Alikuwa ametoka kuugua kongosho. Jiwe la nyongo lilikwama njiani, kongosho likavimba, na akalala hospitali wiki mbili, kisha siku kumi nyumbani akinywa uji mwepesi na kuangalia dari. Sketi aliyovaa ilishikwa na pini mbili kiunoni. Lakini kibanda kilikuwa chake, na bango la TUNAPIGA CHAPA, FOTOKOPI, LAMINESHENI lilikuwa bado limening'inia upande mmoja kama alivyoliacha. Jina la Nukta alipewa na wateja, kwa sababu haikutoka barua mikononi mwake bila nukta kukaa mahali pake, hata mteja awe na haraka ya namna gani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda kumfundisha nukta, naye ni mama yake. Mama aliishi na mdogo wake Nukta katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Masikio yake yalikuwa yamezeeka, simu ya kuongea aliiona ni ugomvi mtupu, kwa hiyo aliandika. Aliandika kama mtu anayekimbizwa, tangu salamu mpaka kuagana bila kupumua. Nukta alikuwa akimtania kwa kumtumia mstari mzima wa nukta tupu: "Mama hizi hapa, gawa mwenyewe." Tangu alazwe, ukiacha siku mbili hivi ambazo simu ya mama ilinyamaza, hakuna asubuhi aliyokosa ujumbe wake. Mama hakuja kumwona, lakini magoti ya mama yalijulikana, na basi si kiti cha kujinyoosha.

Kabla ya kutoa barua kwenye karatasi safi, Nukta aliijaribu kwenye karatasi iliyoharibika. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda: karatasi ina nyuso mbili, usitupe yenye uso mmoja mzima. Chini ya meza palikuwa na boksi la karatasi kama hizo, na binti yake, aliyeshika kibanda wakati mama mtu anaumwa, alikuwa amefundishwa sheria hiyo tangu darasa la tatu. Nukta alichukua karatasi ya juu, akailisha mashine, ikatoka na barua ya jogoo. Akampa mwalimu aikague.

Mwalimu aliisoma, akatikisa kichwa kuridhika, akaigeuza. Kisha akavua kofia.

"Pole sana, mama. Sikujua kwamba umefiwa."

"Nimefiwa na nani?"

"Huyu si mmefanana kabisa? Nilidhani ni..." Mwalimu aliona uso wake, sentensi ikamwishia mdomoni. "Labda ni kazi ya mteja."

"Nipe hiyo karatasi, mwalimu."

Jambo la kwanza aliloliona, na hili hakulisahau na hakujisamehe, ni kwamba hapakuwa na nukta baada ya neno mazishi. Kazi mbovu, alijiambia. Imepinda pembeni, ndiyo maana ikatupwa boksini. Kisha akaiona picha. Alikuwa ameipiga yeye mwenyewe, kwenye kibanda hiki hiki, mama alipohitaji kitambulisho kipya. Nyuma ya kichwa cha mama ilionekana ncha ya pazia lake la bluu. Chini ya picha paliandikwa ratiba: kuwasili kwa mwili, wasifu wa marehemu, kuelekea makaburini. Tarehe ilikuwa ya siku kumi na nane zilizopita. Alikuwa amefariki siku moja kabla. Na mwisho wa wasifu: "Marehemu ameacha watoto wawili wa kike, mkubwa (mgonjwa) na mdogo."

Mkubwa, mgonjwa. Wamemtia kwenye mabano.

Watu hushangaa nini mtu anaweza kufanya wakati kama huo. Nukta alitia karatasi safi kwenye mashine, akatoa barua ya jogoo nakala mbili, akazibana kwa pini, akapokea hela. Mwalimu aliondoka bila kudai chenji, na kofia mkononi.

Kisha alichukua simu akaandika: "Mama umeamkaje."

Aliiweka juu ya ile karatasi, kwenye uso wa mama, akasubiri. Alijua kabisa kwamba hakuna wa kujibu. Alikuwa karibu kuanza kulia, machozi yamefika, pale simu iliponguruma.

"Nimeamka salama mwanangu Mungu ni mwema usibebe vitu vizito kumbuka kula na chembe cha moyo vipi bado kinauma au kimetulia mama yako mimi"

Bila nukta hata moja.

Na hapo ndipo kilipouma.

* * *

Mume wake alikuwa fundi wa friji, na karakana yake ilikuwa mlango wa nne kutoka kibandani. Aliitwa na muuza vocha, akaja mbio akijifuta mikono kwa kitambaa, akamkuta mkewe ameegemea ukuta, jasho linamtiririka kama aliyetoka kuchota maji.

"Nini tena?"

"Chembe cha moyo," alisema Nukta.

Neno lenyewe lina moyo ndani yake, lakini kila alisikiaye hufikiri tumbo. Ni pale chini ya kifua mbavu zinapoagana, pale pale palipomuuma kongosho lilipovimba, na mwezi mzima nyumba ile haikuwa na wimbo mwingine. Chembe cha moyo kimeamkaje, chembe cha moyo kimelalaje. Kwa hiyo fundi hakushtuka sana. Alitoa chupa ya dawa nyeupe ya maji iliyokuwa rafuni, akaitikisa, akammiminia vijiko viwili.

"Nilikwambia ni mapema kurudi kazini. Husikii."

Nukta alimeza. Ile karatasi alikuwa ameikunja mara nne, imo kwenye pochi. Alimtazama mumewe usoni, uso wa miaka ishirini, akampa nafasi. Moyoni alimwomba aitumie.

"Mama hajambo?"

"Mama hajambo. Jana tu nimeongea na shemeji, anasema bibi anakula vizuri." Akafunga chupa. "Si huwa anakuandikia mwenyewe?"

"Huwa ananiandikia."

"Haya. Sasa acha mawazo, mawazo ndiyo yanayochokoza tumbo."

Alilisema kwa upole. Upole huo ndio uliomkata Nukta kuliko uongo wenyewe, kwa sababu haukuwa wa kuigiza. Mtu huyu alimdanganya kama anavyomfunika shuka.

Pumzi ilianza kuwa fupi. Alitaka kusema ninajua, akakuta hewa ya kulisemea haipo.

* * *

Kwenye dirisha la mapokezi hospitalini, karani hakuinua kichwa.

"Anaumwa nini?"

"Chembe cha moyo," alijibu fundi. "Ana kongosho. Faili lake liko hapa hapa."

Karani akaandika TUMBO, akawapa namba thelathini na moja. Aliyekuwa anaitwa ni wa kumi na nane. Walikaa kwenye benchi la chuma katikati ya mwanamke aliyeshika mkono uliofungwa kanga na kijana aliyekuwa akitapika kwenye mfuko wa plastiki. Kila Nukta alipojaribu kuegemea, fundi alimnyoosha, eti tumbo lipate nafasi.

Saa moja ilipita. Nesi mmoja akaja na faili, akalifungua, akaguna.

"Kongosho tena? Umekula nini?"

"Uji," alisema Nukta.

"Wote mnasema uji. Mnaambiwa msile mafuta, mkifika nyumbani mnakaanga, halafu mnatujia hapa mnalia. Sema kweli tukusaidie."

Benchi zima liligeuka kutazama mlaji wa mafuta. Nukta alitaka kucheka kwa uchungu. Yeye ndiye aliyekuwa anaambiwa aseme kweli.

"Hajakaanga," fundi alimtetea. "Mimi ndiye ninayempikia."

"Basi wewe ndiye unayemuua," nesi akasema, akaenda zake.

Aliyemwokoa hakuwa hata zamuni. Daktari mmoja, mwanamke kijana mwenye mkoba begani aliyekuwa anatoka kwenda kula, alipita mbele ya benchi, akasimama, akarudi hatua mbili. Aliziangalia kucha za Nukta, akamshika kifundo cha mkono.

"Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma."

Nukta akaonyesha.

"Na mkono? Na taya?"

"Mkono huu. Na pumzi."

"Nani kaandika tumbo hapa?" daktari aliuliza kwa sauti iliyomfanya karani ainue kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Leteni kiti cha magurudumu. Sasa hivi!"

Waya za kupima umeme wa moyo zilibandikwa, damu ikatolewa, na neno shambulio la moyo likasemwa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Alipitishwa mrija mwembamba kuanzia kwenye mkono ili waione mishipa ya moyo. Fundi alibaki korido akizunguka na pochi ya mkewe kwapani.

* * *

Kesho yake asubuhi daktari yule alivuta kiti akaketi karibu na kitanda. Nukta alikuwa na kinyago cha hewa. Fundi alisimama upande wa miguuni.

"Jambo lenyewe ni la ajabu kidogo, nisikilizeni vizuri," alisema daktari. "Mishipa ya moyo wako ni safi. Hakuna iliyoziba. Lakini msuli wa moyo umelegea, na ncha yake imevimba kama puto. Haisukumi damu inavyotakiwa."

"Sasa kama mishipa ni safi, umevimbishwa na nini?" aliuliza fundi.

"Mshtuko. Mwili ukipata pigo kubwa hutoa kemikali nyingi kwa mpigo mmoja, na moyo wa baadhi ya watu hupigwa butwaa. Wagonjwa waliotoka kuumwa tumbo vibaya, kongosho kwa mfano, tunawaona wakipata hali hii. Kongosho peke yake linaweza kuileta. Lakini la kwako nimelipima, limetulia, halina kosa safari hii." Akamgeukia Nukta. "Habari njema ni kwamba wengi hupona, wiki chache msuli unarudi. Ila lazima nijue. Jana kulitokea nini? Ulipata habari gani?"

Nukta aliinua mkono atoe kinyago. Fundi akamtangulia.

"Hakuna habari yoyote, daktari. Nyumbani tunamlea kama yai. Kitu cha kumshtua hakifiki kwake kabisa, mimi mwenyewe ndiye mlinzi."

Alisema hivyo mbele yake. Alisema hivyo kwa daktari aliyekuwa akitafuta njia ya kumponya. Nukta alihisi kitu ndani yake kinafungwa, na alijua si moyo, kwa maana mashine ya kando haikubadilisha mlio. Akaomba pochi yake kwa kidole. Fundi akampa bila kujua anampa nini.

Daktari aliikunjua karatasi, akasoma upande wa jogoo, akashangaa, akageuza. Akasoma upande wa pili mpaka mwisho.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu mzazi."

"Lakini hii ni ya wiki karibu tatu."

"Kwao," alisema Nukta. "Kwangu mimi ni ya jana saa tatu asubuhi."

Daktari aliandika mstari mmoja kwenye faili, akaondoka taratibu. Fundi alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

"Umeitoa wapi?"

"Boksini. Binti yako amefuata sheria ya kibanda."

"Mke wangu, sikiliza. Yule daktari wa kwanza alisema usisumbuliwe. Ulikuwa na mirija puani. Ungekufa."

"Wiki mbili zile sawa, nakupa. Na siku kumi za nyumbani? Nilikuwa nakaa kwenye kochi naangalia dari."

"Kila siku tulisema kesho. Kesho ikawa ngumu kuliko jana. Tulikuwa tunakulinda."

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nyinyi mmeficha kilio, na maradhi ndiyo yamewafichua." Alivuta pumzi kwenye kinyago, akakitoa tena. "Nani alisimama mahali pangu?"

"Wapi?"

"Kaburini. Mtoto mkubwa anaposimama."

Fundi aliinamisha kichwa. "Mimi. Nilikwenda alfajiri, nikarudi jioni."

Na Nukta akaikumbuka jioni ile. Aliikumbuka vizuri kwa sababu alimsubiri sana. Fundi alikuja amechelewa, akasema friji ya duka la nyama imeharibika, akamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida, na yeye akaona ni mapenzi.

"Viatu vyako vilikuwa na udongo mwekundu," alisema. "Nikakwambia uvifute, manesi wasije wakakugombeza. Ukavifuta na karatasi ya chooni, hapo chini ya kitanda changu, ukaitupa kwenye ndoo ya takataka. Ule ulikuwa udongo wa mama yangu?"

Fundi aliachia chuma cha kitanda. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Mkewe aliyatazama na, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, hakujisikia kuyafuta.

* * *

Mdogo wake alifika siku ya tatu na basi la mchana. Alikuwa msusi, mwanamke wa maneno mengi ambaye mikono na mdomo wake vilifanya kazi pamoja, lakini aliingia wodini kimya, akaketi, akatoa simu ya mama kutoka kwenye mkoba na kuiweka kwenye kabati la kando. Ilikuwa ile ile, yenye mpira uliofungwa nyuma kuzuia betri isidondoke.

"Dada, nipige ukitaka."

"Sina nguvu ya kukupiga. Niambie uliandikaje."

"Nilisoma za zamani. Nikaona anavyoanza na anavyomaliza." Aliigusa simu. "Mara ya kwanza shemeji aliniomba siku moja tu. Ulikuwa umemwandikia mara nne na hujibiwi, umeanza kuwauliza manesi. Nikajibu. Ukafurahi, ukanitumia zile nukta zako. Basi nikashindwa kuacha."

"Ulinitania na wewe."

"Nilikutania."

"Nikakwambia mambo. Nilikuandikia kwamba naogopa kufa. Nilimwandikia mama."

"Najua, dada."

"Sikukuandikia wewe!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kwa heshima. Mdogo mtu alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kuna kitu kilikuwa bado kimo kifuani mwake, na Nukta aliyemlea tangu akiwa mgongoni alikiona.

"Kimalize. Kumebaki nini?"

"Alikuulizia," alisema mdogo. "Siku mbili za mwisho hakuwa anaona vizuri. Kila mlango ukifunguliwa anauliza, mkubwa kafika? Namwambia yuko njiani. Anasema, njia gani hiyo isiyofika. Jioni ile akawa anahangaika, hatulii, anataka kuinuka akusubiri nje. Nikaogopa. Nikatoka, nikafungua mlango upya, nikaingia. Nikamshika mkono. Nikapiga kelele sikioni kwake, nikasema: mama, nimekuja, ni mimi mkubwa."

Nukta alikivua kinyago kabisa.

"Akatulia, dada. Nakuapia, alitulia pale pale. Akanipapasa uso. Mimi na wewe si tumefanana kipaji cha uso?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa mama alikuwa Nukta, na kwa Nukta alikuwa mama. Mtu mmoja alikaa katikati ya wawili waliokuwa wakiitana, akamjibu kila mmoja kwa sauti ya mwenzake, na wote wawili wakashukuru. Nukta alitafuta hasira ya kutosha jambo hilo, akakuta haitoshi. Alibaki na swali moja tu, na swali hilo alilitaka kuliko hewa ya kinyago.

"Alisema nini? Alipodhani ni mimi."

Mdogo alijifuta pua. Akasema polepole:

"Alisema, umechelewa lakini umefika mwanangu, mimi sina neno na wewe."

Maneno yalishuka ndani ya Nukta yakakuta mahali pake. Ndiyo hasa aliyoyahitaji. Hakuna maneno mengine duniani ambayo yangemfaa zaidi siku ile. Na kwa sababu hiyo hiyo akaanza kuyaogopa. Kwa siku kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa amempa kila alichohitaji kusikia.

"Hayo ni ya mama, au ni yako?"

"Dada! Ni ya mama, haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu. Juzi uliniandikia Mungu ni mwema."

"Hili siwezi kukudanganya. Hili jamani siwezi."

"Yarudie."

"Umechelewa lakini umefika mwanangu, mimi sina neno na wewe."

Nukta alifumba macho. Alijaribu kuyasikia kwa sauti ya mama, ile ya kiziwi, kubwa kuliko chumba. Yakaja hivyo. Kisha yakaja kwa sauti ya mdogo wake. Akajaribu kuzitenganisha, asiweze, maana hata mama mwenyewe sasa alikuwa akizungumza kichwani mwake kwa mdomo wa msusi.

"Mara nyingine."

Mdogo alikuwa akilia kwa kwikwi. "Umekawia lakini umefika mwanangu, mimi sina neno..."

Akanyamaza mwenyewe. Alikuwa amesikia.

"Umechelewa," alisema haraka. "Alisema umechelewa. Au umekawia. Dada, si ni yale yale? Nimechoka, nimetoka kwenye basi, ni neno moja tu..."

Nukta alifumbua macho, akamtazama mdogo wake kwa muda, bila ukali wowote. Aliichukua simu ya mama kwenye kabati, akaizima, akamrudishia mkononi.

"Nenda kale," alisema. "Umetoka mbali."

Akakirudisha kinyago usoni, akageukia ukuta.